Hiraga, fundi wa manowari aliyebanwa na mkataba

MKATABA wa Washington ulipotiwa sahihi Februari 6, 1922, manowari kubwa kuliko zote alizopata kubuni Yuzuru Hiraga zilikuwa bado michoro mezani. Zilikuwa nne, kila moja ya tani 47,500 na mizinga minane ya inchi 18. Mkataba uliweka kikomo cha tani 35,000 na mizinga ya inchi 16, na meli hizo hazikujengwa kamwe.

Hiraga alizaliwa Tokyo mwaka 1878. Alihitimu uhandisi wa meli katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1901, kisha jeshi la majini likampeleka Greenwich, Uingereza, kuongeza elimu. Baadaye Japani ilipopania kujenga manowari nane nzito na nane za kasi, yeye ndiye aliyekabidhiwa kalamu. Lakini Washington iliiachia Japani tani 315,000 tu za meli hizo kubwa, huku Uingereza na Marekani zikipata 525,000 kila moja.

Kazi yake ikatawanyika. Tosa iligeuzwa shabaha ya majaribio ya makombora, ikazamishwa mwaka 1925. Amagi iliharibiwa na tetemeko la Septemba 1, 1923 ikiwa ingali kwenye chelezo. Akagi na Kaga zikageuzwa meli za kubebea ndege. Ni Akagi hiyo hiyo iliyoongoza uvamizi wa Colombo mnamo Aprili 1942, uliowalazimu Waingereza kuondoa sehemu ya manowari zao huko Ceylon na kuzileta Kilindini, Mombasa. Pengine bila mkataba ingekuwa manowari ya mizinga tu, isiyoweza kumfikia adui asiyeonekana kwa macho.

Hata hivyo, mkataba ndio uliotoa kilichokuwa bora katika ubongo wake. Katika Yubari, iliyokamilika Julai 1923, bamba za deraya hazikupachikwa tu juu ya mwili wa meli. Zilikuwa sehemu ya mwili wenyewe. Hivyo meli ya takriban tani 3,000 ilibeba nguvu ya mizinga iliyohitaji tani 5,500 kwingineko. Wataalamu wa ng'ambo walistaajabu. Ni haki kusema pia kwamba ilizidi uzani uliokusudiwa kwa tani zaidi ya 400.

Hiraga alikuwa mkaidi. Wakuu wa majeshi walipotaka topido ziongezwe katika Myoko, alikataa, akiona mwili wa meli hautazistahimili. Mwishoni mwa 1923 aliondolewa katika wadhifa wake, akapelekwa ziarani Ulaya. Nafasi ikamwendea Kikuo Fujimoto, mtu mpole aliyekubali alichoombwa, na topido zikatiwa.

Mkataba wa London wa 1930 ulipoacha kuhesabu meli zisizozidi tani 600, Japani ilirundika silaha katika vyombo vidogo. Machi 12, 1934, Tomozuru ilipinduka kwenye dhoruba karibu na Sasebo, na takriban mabaharia 100 wakafa. Lawama zilimwangukia Fujimoto, akafariki Januari 1935. Septemba mwaka huo kimbunga kilizikata omo manowari Hatsuyuki na Yugiri. Mkaidi akaitwa tena.

Japani ilijitoa katika mikataba, na mipaka ikaisha na mwaka 1936. Hiraga, sasa mshauri, alimwongoza Keiji Fukuda kubuni Yamato: tani takriban 72,000 ikiwa na shehena kamili, mizinga tisa ya milimita 460. Ndoto ya 1922 ilikuwa imepata mwili, lakini zama za ndege zilikuwa zimeshaingia.

Mwaka 1938 alitwaa uongozi wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, ambako aliwatimua maprofesa wawili wa uchumi waliokuwa mahasimu, na ndiko alikokuwa akitumikia alipofariki Februari 1943. Ndege za Marekani ziliizamisha Yamato Aprili 7, 1945, pamoja na mabaharia wapatao 3,000. Nyaraka zake zimehifadhiwa chuoni humo.