Nikolai Vavilov: mutu aliyekusanya mbegu za dunia yote, akafa njaa gerezani

Nyamitaba, katika eneo la Masisi, mukulima anaweza kupanda maharagi, mahindi, viazi na mutama kwenye kilima kimoja, kama vile mimea hiyo yote ilizaliwa hapo. Sivyo. Mahindi yametoka Mexico, na maharagi yametoka Mexico na milima ya Andes. Viazi kwao ni Andes vilevile, kule Peru na Bolivia. Muhogo ni wa Brazili, ndizi ni za Asia. Mutama na ulezi ndivyo vya Afrika kweli. Mutu aliyefundisha dunia kuuliza kila mumea kwao ni wapi ni Murusi mumoja, Nikolai Vavilov.

Alizaliwa Moscow mwezi wa kumi na moja 1887. Baba yake alitoka katika familia maskini ya kijijini, akawa mufanyabiashara. Nikolai alikuwa angali mutoto mudogo wakati njaa kali ilipiga Urusi, mwaka 1891 na 1892. Akasoma kilimo, akaenda Uingereza 1913 kujifunza namna mimea inavyorizisha watoto wake tabia zake, na mwaka 1917 akawa profesa katika muji wa Saratov, kando ya muto Volga. Muji huo angeurudilia kwa njia ingine. Mwaka 1921 alihamia Petrograd, muji ulioitwa baadaye Leningrad, kuongoza ofisi ya serikali ya utafiti wa mimea. Mwaka huohuo njaa ingine ilianza, ikaua mamilioni ya watu.

Kilimo kilianza zaidi ya miaka 10.000 iliyopita. Ngano ya pori, ikikomaa, inaangusha mbegu zake chini yenyewe. Watu wa zamani walivuna zaidi masuke yaliyoshikilia mbegu, na hizo ndizo walizopanda tena. Mwaka kwa mwaka, mumea ukasahau kuangusha mbegu. Leo bila mukono wa mutu hauwezi kujieneza. Ni vile pia kwa mutama. Vavilov alifikiri kwamba mahali kazi hiyo ilianza, mumea umekuwa na muda mwingi wa kugawanyika katika aina nyingi. Basi kutafuta kwao mumea ni kutafuta pale aina zake ni nyingi zaidi, karibu na ndugu zake wa pori. Aliandika hayo katika kitabu cha mwaka 1926, kisha akafunga mizigo.

Alikuwa amekwisha kufika Afghanistan mwaka 1924. Mwisho wa mwaka 1926 alipita Djibouti, akapanda treni mpaka Addis Ababa. Ras Tafari, ambaye baadaye aliitwa mufalme Haile Selassie, alimupokea na kumuuliza sana juu ya mapinduzi ya Urusi. Kiisha Vavilov alitembea na nyumbu na wabeba mizigo kupita milima mpaka Eritrea, akikusanya mbegu mashambani na sokoni. Alikuta ngano na shayiri za namna nyingi kupita alivyotazamia, pamoja na tefu na kahawa.

Aliamini kwamba ngano ngumu ilizaliwa huko Ethiopia. Hapo alikosea. Watafiti wengine walionyesha kwamba ngano na shayiri zilitoka Mashariki ya Kati, zikageuka namna nyingi katika milima ya Ethiopia kwa maelfu ya miaka. Kivu yenyewe ni ushuhuda. Wamama wanachanganya katika kitunga kimoja maharagi mekundu, meupe, meusi na ya mistari, wanayapanda pamoja, ili mvua ikiharibu haya, yale yabakie. Mutu anayehesabu rangi tu angesema maharagi yalizaliwa hapa. Lakini ndugu yake wa pori yuko Amerika, na maharagi yalivuka bahari na Wareno kuanzia karne ya 16.

Kufikia mwaka 1940, gala ya Leningrad ilikuwa na mbegu za aina 250.000 hivi. Lakini Stalin alitaka mavuno ya haraka. Alimusikiliza Trofim Lysenko, aliyekataa elimu ya urizi wa mimea na kuahidi matokeo kwa miaka michache. Vavilov hakukubali kusema uongo huo. Tarehe 6 mwezi wa nane 1940, akiwa bado anakusanya mimea magharibi mwa Ukraine, walimukamata. Mwaka 1941 walimukatia hukumu ya kifo, kiisha wakaigeuza kuwa miaka 20 ya kifungo.

Mwezi wa tisa 1941, jeshi la Ujerumani likazunguka Leningrad. Muzingiro huo ulimalizika mwezi wa kwanza 1944 tu. Watafiti wa Vavilov walibaki na magala ya muchele, ngano na karanga, na hawakula. Dmitri Ivanov, mulinzi wa muchele, alikufa njaa katikati ya mifuko elfu kadhaa. Alexander Shchukin, wa karanga, alikufa kwenye meza yake ya kazi. Wenzao kadhaa waliwafuata. Kwa Masisi hiyo si habari ya mbali: mara nyingi watu wanakimbia vita, na wanaporudi kilima kiko, lakini mbegu hakuna.

Vavilov alipelekwa katika gereza la Saratov. Mwili uliisha kwa kukosa chakula, akafa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1943, na miaka 55. Bibi yake Elena Barulina, mutafiti wa dengu, alikuwa amekimbilia muji huohuo na mutoto wao Yuri. Alikuwa anatuma vifurushi vya chakula Moscow, akifikiri bwana yake angali huko. Serikali ilifuta hukumu mwaka 1955.