Kwame Nkrumah na Wenzake wa Bweni la Houston

Jina la Kwame Nkrumah si geni kwa msomaji wa jarida hili. Tunamfahamu kama kiongozi aliyeifikisha Ghana kwenye uhuru tarehe 6 Machi 1957, na kama mtetezi asiyechoka wa muungano wa Afrika. Asiyetajwa sana ni yule mwanafunzi fukara aliyeishi Marekani kwa miaka kumi. Ilhali ni huyo, kwa maoni yangu, anayetusaidia kumwelewa rais aliyemfuata.

Nkrumah alizaliwa mwaka wa 1909 kijijini Nkroful, Gold Coast, na kuhitimu ualimu huko Achimota mwaka wa 1930. Chuoni humo alivutiwa mno na Dkt. James Aggrey, msomi yule yule aliyezuru Kenya mwaka wa 1924 na ambaye jina lake wamepewa watoto wengi wa Kenya hadi leo. Aggrey alipofariki mwaka wa 1927, wanafunzi walianzisha chama cha midahalo kwa jina lake. Nkrumah alipenda kuutetea upande wenye wafuasi wachache, hata pale alipokubaliana na wapinzani wake. Huko ndiko ulimi wake ulikonolewa.

Mwezi wa Oktoba 1935 aliwasili katika Chuo Kikuu cha Lincoln, jimboni Pennsylvania, masomo yakiwa yamekwisha kuanza na mfukoni hana karo ya kutosha. Lincoln ilikuwa taasisi ndogo iliyoasisiwa na Wapresbiteri mwaka wa 1854 kwa ajili ya vijana weusi. Ilikuwa na wanafunzi mia chache tu, wote wanaume, na waliokuwa wakiwafundisha walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, udogo huo haukuizuia kuwalea watu wakubwa: mshairi Langston Hughes, wakili Thurgood Marshall, na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, ambaye mfano wake ndio uliomvuta Nkrumah huko.

Maisha hayakuwa rahisi. Alifanya kazi maktabani, akawaandikia wenzake mihtasari ya masomo kwa malipo ya dola moja moja. Nyakati za likizo alichuuza samaki mitaani Harlem, akahudumu melini, na usiku mwingine alilala ndani ya treni za chini ya ardhi kwa kukosa pa kwenda. Pamoja na hayo alijiunga na udugu wa wanafunzi wa Phi Beta Sigma, akashiriki mashindano ya usemaji, na kupata shahada ya uchumi na sosholojia mwaka wa 1939. Shahada ya theolojia ilifuata mwaka wa 1942. Baadaye alifundisha hapo hapo falsafa, Kigiriki na historia ya watu weusi, na mwaka wa 1945 gazeti la wanafunzi likamtaja kuwa mhadhiri bora wa mwaka.

Mwaka wa 1939 aliwasili chuoni kijana mwingine wa Gold Coast, Ako Adjei. Katika bweni la Houston alikaa chumba kimoja na Nkrumah pamoja na Jones-Quartey. Watatu hao walijadili ukombozi wa Afrika usiku na mchana. Wakajiunga na Waafrika wengine katika chama cha wanafunzi wa Kiafrika wa Marekani na Kanada, ambacho Nkrumah alikuwa rais wake, na wakatoa jarida lao wenyewe. Ndani ya chama hicho palizuka mvutano. Wanigeria walishikilia kwamba kila nchi ijikomboe kwanza. Nkrumah hakutaka kusikia habari ya nchi moja moja. Anayeikumbuka hoja aliyoshindwa nayo Addis Ababa mwaka wa 1963, na ambayo Nyerere aliipinga vikali mjini Cairo mwaka uliofuata, ataona kwamba mdahalo huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini.

Urafiki wa chumba kile ulizaa matunda. Mwaka wa 1947 chama cha UGCC kilimtaka Adjei awe katibu wake mkuu. Yeye akakataa, akampendekeza Nkrumah, aliyekuwa London. Bila pendekezo hilo, huenda historia ya Ghana ingeandikwa vingine. Uhuru ulipopatikana, Adjei akawa waziri. Alikuwemo katika serikali iliyopitisha, mwaka wa 1958, sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki.

Tarehe 1 Agosti 1962 Nkrumah alinusurika bomu huko Kulungugu. Kabla ya mwezi kwisha Adjei, Waziri wa Mambo ya Nje, alikamatwa pamoja na wakuu wengine wawili kwa tuhuma za njama hiyo. Mwezi wa Desemba 1963 mahakama iliwaachilia. Nkrumah akamfuta kazi Jaji Mkuu, kesi ikasikizwa upya, na mara hii wakahukumiwa kifo, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa kifungo. Yule kijana wa Achimota aliyeutetea upande wa wachache kwa hiari yake hakuonekana tena.

Adjei alifunguliwa mwaka wa 1966, baada ya jeshi kumpindua Nkrumah tarehe 24 Februari. Nkrumah alihamia Guinea, akafariki mjini Bucharest mwezi wa Aprili 1972 bila kuikanyaga tena Ghana. Adjei aliishi kimya hadi mwaka wa 2002.