Bwana Aliyeisikiliza Radi

Bila shaka umewahi kusikia redio ikikwaruza mvua kubwa inapokaribia. Wengi wetu hukasirika, hasa kama mpira unatangazwa! Lakini alikuwako bwana mmoja ambaye kelele hizo ndizo zilizokuwa kazi yake, na mwishowe kazi hiyo ikaja kuifaa nchi yake wakati wa dhiki.

Robert Watson-Watt alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1892 katika mji mdogo wa Brechin, Scotland. Baba yake alikuwa seremala. Kijana alisomea uhandisi huko Dundee, akahitimu mwaka wa 1912. Mwaka wa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, aliajiriwa na idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Ndege za siku hizo zilikuwa hafifu, na rubani aliyekumbana na dhoruba alikuwa mashakani. Watson-Watt alijua kwamba radi inapopiga hutoa mawimbi ya redio. Basi akawaza: ukijua mawimbi yanatoka upande gani, umejua dhoruba iliko.

Kusema ni rahisi. Mwanzoni eriali ilizungushwa kwa mkono, na radi nayo hupotea kabla hujapepesa jicho! Hakukata tamaa. Katika miaka ya 1920, yeye na wenzake walitumia chombo chenye kioo kama cha televisheni za zamani, wakakiunganisha na eriali mbili zilizopishana. Radi ilipopiga, mstari ulitokea kiooni kuonyesha upande wake. Vituo viwili vikilinganisha mistari yao, pale inapokutana ndipo penye dhoruba.

Mapema mwaka wa 1935, wakuu wa serikali walimwuliza kama mawimbi ya redio yangeweza kumwua rubani angani. Msaidizi wake, Arnold Wilkins, akapiga hesabu: wapi! Haiwezekani. Lakini kumbe ndege huyarudisha mawimbi kama mwangwi. Tarehe 26 Februari mwaka huohuo, karibu na Daventry, waliinasa ndege ikiwa umbali wa kilomita 13 hivi. Hiyo ndiyo rada. Ndege za Ujerumani ziliposhambulia mwaka wa 1940, Waingereza walizigundua zingali mbali, marubani wao wakapata nafasi ya kujiandaa.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1942. Katika miaka ya 1950, akiwa Kanada, polisi walimnasa akiendesha gari kwa kasi, tena kwa rada! Mchimba kisima, eti, akaingia mwenyewe. Alifariki tarehe 5 Desemba, 1973, akiwa na umri wa miaka 81.

Leo rada hutumika pia kuonyesha mvua inakonyesha, yaani kazi imerudi ilikoanzia. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Yeye aliitafuta hata pale macho yasipofika. Nasi wanafunzi tusidharau jambo dogo. Redio ikikwaruza, usiizime upesi. Jiulize kwanza ni kwa nini.