Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyewafungulia mlango wenye mitaji

Mchana wa Jumamosi, Julai 5, 1969, Thomas Joseph Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government jijini Nairobi, ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Wengi humkumbuka kwa kifo hicho, kwa vyama vya wafanyakazi na kwa ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka wa 1959. Lakini siku alipouawa alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Kiuchumi, na kwa karibu miaka mitano alikuwa amehangaika na swali moja: taifa changa lisilo na akiba litapata wapi mtaji, na kwa masharti ya nani?

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Chimbuko la familia lilikuwa kisiwa cha Rusinga, katika Ziwa Victoria, lakini kijana huyo alikua akizungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo. Alisomea Kabaa, Yala na Mang'u, kisha akafunzwa ukaguzi wa afya, kazi aliyoifanya katika Baraza la Jiji la Nairobi. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya, na mwaka wa 1957 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Alipokabidhiwa wizara ya mipango Desemba 1964, Kenya ilikuwa na bendera yake lakini haikuwa na sarafu yake. Shilingi iliyotumika Kisumu, Kampala na Dar es Salaam ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1919 na ambayo makao yake yalikuwa London hadi 1960. Kwa miaka mingi kila shilingi ilipaswa kuwa na dhamana ya pauni za Uingereza. Pauni zilipoingia, fedha ziliongezeka madukani, zilipotoka, zilipungua. Mabenki makubwa yalikuwa ya Kiingereza na riba zao zilifuata upepo wa London. Mvuvi wa Dunga au mkulima wa pamba wa Kano hakuwa na njia ya kujua kwamba bei ya mkopo ilikuwa ikiamuliwa ng'ambo.

Isitoshe, fedha zilikuwa zikitoroka. Walowezi waliokuwa wakiuza mashamba walihamisha mali yao, na sehemu ya mikopo ambayo Uingereza iliipa Kenya kununulia ardhi iliishia mikononi mwa Waingereza hao hao. Deni lilibaki hapa. Juni 1965 serikali ililazimika kuanza kudhibiti fedha zilizokuwa zikipelekwa hata katika nchi zilizotumia pauni.

Katika hali hiyo ndipo Mboya alipotetea Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Licha ya jina lake, waraka huo haukutaka mali za watu zitaifishwe ovyo. Ulikiri kwamba akiba ya wananchi haikutosha na kwamba mtaji wa kigeni ulihitajika. Tayari sheria ya 1964 ya kulinda vitegauchumi vya kigeni ilikuwa imewahakikishia wageni haki ya kuhamisha faida yao.

Sehemu iliyoleta uchungu mkubwa zaidi ilikuwa fungu la 133. Lilisema fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mfano uliotolewa ulikuwa wa pauni milioni moja ambazo zingezaa pauni 20,000 katika eneo moja na 100,000 katika jingine. Waraka ulishauri eneo la pili litangulie, kisha ziada yake iwasaidie wa eneo la kwanza kwa ruzuku na mikopo ya riba nafuu. Hesabu hiyo haina kosa. Ila haikusema ni nani angemlazimisha aliyetangulia kugawana, na Rusinga, kisiwa kikavu cha wavuvi, hakikuwa miongoni mwa waliotangulia.

Mmoja wa wakosoaji wa kwanza alitoka ufuo ule ule wa ziwa. Julai 1965 Barack Obama, mchumi aliyesoma Marekani na baba wa rais wa 44 wa nchi hiyo, alichapisha makala akihoji umiliki wa uchumi kubaki mikononi mwa wageni, na akataka matajiri watozwe kodi zaidi. Jaramogi Oginga Odinga alikwenda mbali zaidi: Aprili 1966 alijiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha KPU. Waluo wengi wa Kisumu walimfuata Jaramogi, na Mboya akawa kama mgeni kwao.

Mwaka huo huo Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa, na Septemba 14, 1966 noti za kwanza za shilingi ya Kenya zikatolewa. Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, Kenya haikufuata. Uhuru huo wa sarafu ulisimamiwa na Waziri wa Fedha, James Gichuru, lakini ndio uliozipa mipango ya Mboya mahali pa kusimama. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia sita kwa mwaka katika miaka ya kwanza ya uhuru. Nyanza nayo haikuachwa mikono mitupu: viwanda vya sukari vya Muhoroni na Chemelil vilianza kazi mwaka wa 1966 na 1968. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mtaji ilituama Nairobi na kandokando yake.

Risasi za Julai 1969 zilimrudisha kwa watu wake. Msafara wa maiti ulipitia Nakuru na Kisumu, watu wakijipanga barabarani wakilia, wakiwemo waliompigia kura KPU. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa. Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, zogo lilizuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi kuzuiliwa.

Mboya alizikwa Rusinga. Wakati huo ilikuwa lazima kuvuka maji ili kulifikia kaburi lake. Barabara ya kukiunganisha kisiwa na Mbita ilijengwa miaka mingi baada ya kifo chake.