Padre Gregor Mendel: Aliyeshindwa Kukaa na Wagonjwa

Siku hizi, kabla ya kumpa mgonjwa abacavir, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, daktari katika nchi nyingi hutakiwa kupima vinasaba vyake kwanza. Watu wengi huitumia bila shida, lakini wenye jeni fulani waliyorithi wanaweza kupata mzio unaohatarisha maisha. Tiba hii inayomtazama kila mtu na urithi wake ina mizizi katika bustani ya monasteri, na aliyepanda mbegu yake ni padre aliyeshindwa kuhudumia wagonjwa.

Johann Mendel alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kipo Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alipoumizwa na gogo la mti, ada ya masomo ikawa shida. Dada yake mdogo Theresia alitoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake asome falsafa huko Olomouc. Mendel hakusahau fadhila hiyo. Baadaye aliwasaidia watoto watatu wa Theresia kusoma, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino ya Mtakatifu Thoma mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Alipata daraja la upadre mwaka 1847, akapangiwa kuhudumia parokia na wagonjwa hospitalini. Hapo mambo yakawa magumu. Kila alipomwona mtu katika mateso, alifadhaika mno, hata yeye mwenyewe akaugua. Abate Cyril Napp hakumlazimisha wala hakumdharau. Alimwondolea kazi hiyo, akamtuma kufundisha shule.

Huko nako hakukuwa na mteremko. Mwaka 1850 alifeli mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Abate akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna asome zaidi, lakini mwaka 1856 mtihani ukamshinda tena. Akabaki mwalimu asiye na cheti.

Mwaka huohuo alianza majaribio yake ya njegere, akaendelea nayo hadi 1863. Alichunguza mimea ipatayo 28,000. Alipochanganya njegere za mviringo na zenye makunyanzi, mbegu zote za kizazi cha kwanza zilikuwa za mviringo. Katika kizazi cha pili makunyanzi yakarudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Akatambua kwamba kila mzazi hutoa fungu lake la urithi, na kwamba sifa isiyoonekana haijapotea, bali imejificha.

Alieleza matokeo yake mjini Brno mwaka 1865, yakachapishwa mwaka uliofuata. Wachache sana waliona uzito wake. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na muda wake mwingi ukamezwa na utawala na mgogoro wa kodi na serikali. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 kwa maradhi ya figo.

Wanasayansi waliifufua kazi yake mwaka 1900. Miaka miwili baadaye, daktari Mwingereza Archibald Garrod alionyesha kuwa ugonjwa mmoja wa binadamu hufuata kanuni hiyohiyo ya njegere.

Sisi tunaujua mfano ulio karibu zaidi: selimundu. Mtu mwenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi. Lakini wazazi wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa mgonjwa. Kwa hiyo mtoto huyo si mkosi, wala mama hastahili kulaumiwa peke yake. Baba na mama wamechangia sawa. Hapo hesabu ya bustanini inalinda ndoa na heshima ya watu.

Mpendwa msomaji, tunapomkumbuka Mendel, tusimsahau Abate Napp. Mbele yake alikuwepo padre kijana aliyeshindwa kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa. Hakuhitimisha kwamba wito wake ni bure, bali alimtafutia shamba lingine. Leo wagonjwa wengi wanakula matunda ya shamba hilo.