Edmond Albius: Mtoto mtumwa aliyeizalisha vanila kwa kijiti na kidole gumba

Mkulima wa mpunga wa Chekereni hana kazi ya kuchavusha. Ua la mpunga hufunguka asubuhi, linajimwagia chavua lenyewe, linafunga. Chavua ile huishi dakika chache tu. Baridi kali ikipiga wakati mpunga una mimba, chavua haziundiki vizuri, na siku ya kuvuna unakutana na mapepe.

Sasa panda juu, kwenye vihamba ambako siku hizi kuna vanila katikati ya migomba na kahawa. Kule kila ua linashikwa kwa mkono, moja moja. Na namna ya kulishika tumeipata kwa mtoto wa miaka 12, tena mtumwa.

Jina lake Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska. Wakati huo kisiwa kilikuwa koloni la Ufaransa, na mashamba yake yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Kilwa. Mama yake, Mélise, alifariki akimzaa. Baba hakumjua. Ukoo wa kuandikiwa hakuwa nao, alikuwa Edmond tu.

Alilelewa kwa bwana mmoja mwenye shamba, Ferréol Bellier-Beaumont, aliyependa sana mimea. Kijana akawa anamfuata bustanini kila siku. Bwana alimwonyesha jinsi ya kuchavusha maua ya mmea wa jamii ya maboga: unachukua chavua kwenye ua dume, unapeleka kwenye ua jike. Basi, dogo akaelewa.

Shida ilikuwa vanila. Mmea huu asili yake ni Meksiko, na Wafaransa waliufikisha Réunion miaka ya 1820 hivi. Ulistawi, ukatoa maua, lakini matunda hakuna. Nyuki waliozoea ua hilo walibaki kwao Amerika.

Ua la vanila lina dume na jike pamoja, lakini katikati kuna kijingozi kama pazia. Juu ya pazia kuna kifuko ambamo chavua hutengenezwa: seli mama moja hugawanyika na kutoa chembe nne, na kila chembe huvaa ganda gumu. Kwa vanila, chembe hizo hazipeperuki kama vumbi la mahindi. Zimegandana kama unga uliolowa, upepo hauzibebi. Chini ya pazia ndipo kuna sehemu yenye utelezi inayopokea chavua. Chavua ikifika pale, huotesha kijimrija kinachoteremka hadi kwenye mayai ya ua kupeleka mbegu ya kiume. Isipofika, ua hudondoka. Na ua lenyewe hufunguka siku moja tu, ikifika mchana linanyauka.

Wasomi wa Ulaya walishaliona hilo. Mwaka 1836 Charles Morren alifanikiwa kuchavusha vanila kwa mkono huko Liège, Ubelgiji. Lakini njia yake ilikuwa ya taratibu mno, haikumfaa mtu mwenye shamba.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini na Edmond, akaona ganda la vanila linaning'inia kwenye mmea ambao miaka yote haukuwahi kuzaa. Edmond akasema ni yeye aliyelifanya. Bwana hakuamini. Siku chache baadaye likaonekana ganda jingine, ndipo akamtaka aonyeshe.

Kijana akachukua kijiti chembamba, akachana ua kidogo, akainua lile pazia, kisha kwa kidole gumba akakandamiza kifuko cha chavua kikagusana na sehemu ya kike. Sekunde chache, kazi imekwisha.

Wenye mashamba wengine wakaitwa. Edmond akawa anazungushwa shamba hadi shamba kufundisha watumwa wenzake. Mwaka 1848 Réunion iliuza Ufaransa kilo 50 za vanila. Mwaka 1858 zilikuwa tani 2, na kufikia 1898 zilifika tani 200, na kisiwa kikawa kimeipita hata Meksiko. Fedha zote hizo, yeye hakuonja.

Utumwa ulifutwa Réunion Desemba 1848. Edmond akapewa uhuru na jina la ukoo, Albius, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyeupe. Mpewaji alikuwa mtu mweusi, hivyo kuna wanaodhani ni rangi ya ua, na wengine wanaona ni kejeli.

Uhuru haukuja na shamba wala mtaji. Alikwenda kufanya kazi za jikoni mjini, akahusishwa na wizi wa vito, akahukumiwa kifungo. Bellier-Beaumont alimwandikia gavana akimkumbusha kisiwa kinakula kwa jasho la nani. Akatolewa kabla ya muda wake kwisha.

Halafu akajitokeza mtaalamu wa mimea, Claude Richard, akidai yeye ndiye aliyemfundisha Edmond. Ni yule yule bwana wake wa zamani aliyesimama tena kumtetea kwa barua, na hapo lazima tumpe haki yake, ingawa ndiye huyo huyo aliyemmiliki.

Maombi ya kumpatia posho hayakujibiwa. Edmond Albius alifariki Agosti 1880 akiwa maskini, Sainte-Suzanne alikozaliwa. Leo sanamu yake imesimama huko.

Wakulima wa vanila, iwe Madagaska, Uganda au Kilimanjaro, bado wanatumia kijiti na kidole gumba, na msimu wa maua ukifika wanapita shambani kila asubuhi kabla ua halijanyauka. Kisha wanasubiri miezi 8 hadi 9 ganda likomae.