Harold Palmer na Maneno Yasiyotembea Peke Yao

Sisi tunaosomea ualimu wa Kiingereza hapa Butembo humkuta Harold Palmer mara moja tu, katika kozi ya mbinu za kufundisha. Ni mstari mmoja wenye jina lake, miaka miwili na kichwa cha kitabu, kisha kozi inaendelea mbele. Hapo hatendewi haki. Mazoezi tunayowapa wanafunzi wa sekondari tunapokuwa kwenye staji, yale ya kubadilisha neno moja katika sentensi na kuacha mengine, au ya kutii amri iliyotolewa kwa Kiingereza, mengi yamepita mikononi mwake kabla ya kutufikia. Nimependa kusimulia maisha yake kwa sababu yanagusa jambo linalotusumbua kila siku: kwa nini mwanafunzi aliyekariri maneno 500 ya Kiingereza anashindwa kutunga sentensi tano?

Palmer alizaliwa London tarehe 6 Machi 1877, akakulia Hythe, mji mdogo wa pwani kusini-mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu, baadaye akawa muuza vitabu na karatasi na mchapishaji wa gazeti la mji. Kijana Harold alifanya kazi kwenye gazeti hilo. Hakupitia chuo kikuu. Naomba msomaji alishike hilo, maana mtu huyu alikuja kuheshimiwa na wataalamu wa lugha wa mabara matatu.

Mwaka 1902 alivuka bahari kwenda Ubelgiji, kwenye mji wa Verviers uliojulikana kwa viwanda vya sufu. Kwetu sisi jina la Ubelgiji lina uzito wake. Wakati Palmer anashuka Verviers, Kongo ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold wa Pili, na ilikuwa imebaki miaka sita ikabidhiwe serikali ya Ubelgiji. Lugha ya Kifaransa ambayo Palmer alianza kuisikia mitaani ndiyo iliyoletwa hapa na kuwa lugha ya shule zetu. Kwa hiyo wanafunzi wake wa kwanza walikifikia Kiingereza kupitia mlango ule ule tunaopitia sisi, mlango wa Kifaransa.

Alianza kufundisha katika shule iliyofuata njia ya Berlitz. Sheria ya njia hiyo ilikuwa kali: ndani ya darasa lisitamkwe neno lolote la lugha ya mwanafunzi. Palmer aliifuata, akaona faida zake, akaona pia upungufu wake, na muda si mrefu akafungua shule yake mwenyewe. Mwaka 1904 alimwoa Elisabeth Purnode, binti wa hapo hapo. Alijifunza Kifaransa na Kiesperanto, akajipima mwenyewe kama fundi anavyopima ubao kabla ya kuukata: neno gani limekaa, limekaa kwa sababu gani, na lipi limepotea baada ya wiki.

Hitimisho lake kuhusu sheria ya Berlitz linanifurahisha. Aliona kwamba kukataza lugha ya mwanafunzi kabisa ni kupoteza muda. Kama maana ya neno inaweza kutolewa kwa sekunde mbili katika lugha anayoijua mtoto, itolewe. Lakini maana hiyo ni mlango tu. Kazi yenyewe inaanza baada ya kuufungua, pale neno linapotumiwa mara nyingi katika sentensi hadi ulimi ulizoee. Wengi wetu tunafanya nusu ya kwanza, tunaiacha ya pili. Mwanafunzi anachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, Kiingereza kushoto, Kifaransa kulia, na siku ya mtihani anarudisha safu zote mbili bila kosa.

Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia Ubelgiji, na Verviers iko karibu sana na mpaka wa Ujerumani. Palmer, mke wake na binti yao Dorothée walikimbilia Uingereza, wakaacha nyuma shule na karibu kila walichokuwa nacho. Kwa msomaji wa Beni sina haja ya kueleza zaidi.

Huko London mwalimu huyu asiye na digrii alikutana na Daniel Jones, bingwa wa fonetiki wa University College, ambaye alimkaribisha kufundisha katika idara yake. Kuna jambo la pembeni ambalo kozi zetu hazilitaji: katika miaka hiyo hiyo, Jones alikuwa akishirikiana na Sol Plaatje, mwandishi wa Afrika Kusini, kutengeneza kitabu cha kusomea Kitswana kilichochapishwa mwaka 1916. Yaani lugha ya Kiafrika ilikuwa mezani katika idara ile ile Palmer alipokuwa anaandika kitabu chake cha 1917 kuhusu njia ya kisayansi ya kusoma na kufundisha lugha. Mwaka 1921 alitoa vingine viwili, kimoja juu ya kufundisha kwa mdomo na kingine juu ya misingi ya kujifunza lugha.

Vitabu hivyo vilimpeleka mbali. Sawayanagi Masataro, mtu mkubwa katika elimu ya Japani, alimwalika aende kuishauri Wizara ya Elimu. Palmer alifika mwaka 1922, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, yeye akiwa mkuu wake. Alikaa miaka 14. Mwezi Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji, lakini kazi haikukoma.

Alichokikuta Japani kinafanana na chetu kiasi cha kushangaza. Watoto walisoma Kiingereza kwa miaka mingi, wakatafsiri neno kwa neno, wakajua sarufi, wasiweze kuomba maji. Sababu kubwa ilikuwa mtihani wa kuingia shule za juu, uliopima tafsiri na sarufi kuliko mazungumzo. Mwalimu aliyetaka kufundisha kwa mdomo aliogopa kwamba wanafunzi wake wataanguka, na wazazi waliogopa zaidi yake. Hapa kwetu mtihani wa taifa, Exetat, una maswali ya Kiingereza ya kuchagua jibu, na mwalimu wa mwaka wa sita anajua kwamba hakuna atakayemwuliza mwanafunzi atamke hata neno moja. Palmer hakuushinda mtihani wa Japani. Shule kadhaa zilimfuata, nyingi hazikumfuata. Namheshimu hata hivyo, kwa sababu hakuacha kazi akasubiri wizara ibadilike.

Badala yake aligeukia maneno yenyewe. Swali lake la kwanza lilikuwa: mwanafunzi anahitaji maneno mangapi kwanza, na ni yapi? Kuanzia 1930 taasisi yake ilitoa ripoti za uteuzi wa msamiati. Swali la pili lilikuwa zito zaidi: neno linakwenda na nani? Mwaka 1933 ilitoka ripoti ndefu juu ya maneno yanayoandamana katika Kiingereza, mafungu ambayo lazima yajifunzwe kama kitu kimoja kwa sababu huwezi kuyajenga kutokana na maana ya kila neno peke yake.

Msemaji wa Kiswahili anaielewa hoja hii haraka kuliko Mfaransa. Tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki, na katika hayo yote hakuna anayepigwa. Mgeni aliyeandika katika daftari lake kwamba kupiga ni frapper, akaishia hapo, atadhani sisi ni watu wa fujo. Ndivyo wanafunzi wetu wanavyokitendea Kiingereza. Wanasema do a mistake kwa kuwa Kifaransa kina faire peke yake, wakati Kiingereza kinataka make. Wanasema I assisted at the mass wakimaanisha walihudhuria misa, kumbe Mwingereza anasikia kwamba walimsaidia padri.

Mfano mwingine nimeuona Beni, na huo haumo katika ripoti yoyote ya Tokyo. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati wa Ebola, watu wote wa Beni na Butembo walijua neno riposte. Ndilo lilikuwa jina la watu wa chanjo, wa magari, wa kufuatilia wagonjwa. Kwa Kiingereza kazi hiyo iliitwa response. Nilimpa mwanafunzi wa miaka 17 kifungu kifupi kilichotaja response team, naye akatafsiri: timu ya majibu. Katika daftari lake response ni réponse, na réponse ni jibu. Kijana huyo aliishi na watu hao mtaani kwake karibu miaka miwili. Jambo lenyewe alilijua kuliko mwandishi wa kifungu, ila safu mbili za daftari zilimzuia kuliona. Tulipokisoma tena kifungu chote, tukatazama maneno ya jirani, vaccine, village, contacts, alicheka mwenyewe na kusahihisha.

Palmer alikuwa na dawa nyingine kwa madarasa makubwa, na hii nimeijaribu. Mwaka 1925 yeye na Dorothée walitoa kitabu cha kufundisha Kiingereza kwa vitendo. Mwalimu anatoa amri, mwanafunzi anaitenda, kisha anasema anachofanya na alichofanya. Haihitaji kitabu mkononi mwa kila mtoto. Katika staji yangu nilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60 na vitabu vinne. Fungua dirisha, funga dirisha, mpe jirani yako kalamu, mrudishie, yote kwa Kiingereza. Baada ya siku tatu give ilikuwa haisahauliki, na walijua bila kuambiwa kwamba inafuatwa na mtu kisha kitu. Kwa maneno kama window na pen njia hii ni tamu. Kwa maneno kama peace, debt au trust inakwama, maana hakuna kitendo cha kuyaonyesha, na hapo ni hadithi fupi au mazungumzo ndiyo yanayosaidia.

Nina neno la kumlaumu pia. Palmer alipenda mfumo mno. Majedwali yake ya kubadilishia maneno yanaweza kumfanya mtoto atoe sentensi mia moja sahihi bila kufikiri hata moja. Na ile orodha ya maneno ya lazima ilikuwa ya nani? Mwezi Oktoba 1934 alikwenda New York kwenye mkutano uliofadhiliwa na Carnegie, na ripoti iliyotoka 1936 ilibeba majina ya Palmer, Michael West, Lawrence Faucett na Edward Thorndike. Kutoka humo West alijenga orodha yake maarufu ya 1953, yenye maneno kama 2,000. Ni kazi kubwa na bado inatufaa. Lakini ilitokana na maandishi ya Kiingereza cha kwao, si na maisha ya mtoto anayeuza mafuta ya mawese barabarani.

Mwaka 1935 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilimpa udaktari, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani kama mwanafunzi wa chuo. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza. Mwaka 1938 alichapisha kitabu ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote alivyoandika, sarufi ya maneno 1,000 ya Kiingereza. Kila neno limepewa maana zake kadhaa, mabadiliko yake, na hasa maneno linaloandamana nayo. Vita vya pili vilimchukua mwanawe wa kiume, Tristram. Mwaka 1944 alitumwa Amerika ya Kusini kutoa mihadhara, akaugua huko. Alifariki Felbridge, Surrey, tarehe 16 Novemba 1949, akiwa na miaka 72.

Huko Tokyo alikuwa amemwachia kazi Mwingereza mwingine, A. S. Hornby. Huyu na wenzake walimaliza kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapa upya mwaka 1948. Ndiyo mama wa ile kamusi nene ya Oxford ambayo baadhi yetu tunaikodi kwa zamu maktabani. Ukifungua give au make ndani yake na kukuta sentensi za mfano chini ya kila maana, unasoma mkono wa Palmer.

Mwenzangu mmoja wa mwaka huu na mimi tumeanza kuandika maneno ya Kiingereza yanayosikika njia ya Beni hadi Kasindi, mpakani na Uganda, kwa kuwa wafanyabiashara wa Butembo wanaokwenda Kampala na Dubai hawana budi kuyajua. Hatuandiki neno peke yake. Declare tumeiandika pamoja na goods, clear pamoja na customs, pay pamoja na duty, na charge tumeipa kurasa mbili, maana kuna kuchaji simu, kuna kutoza bei, na kuna kushtakiwa. Hadi sasa tuna mafungu 140.